UZI MAALUMU: Mofini ya sindano nyumbani. Hesabu, saa, mrija, na yanayoharibika

Mwanzisha uzi: ChunguChaTembe

Wakuu, swali linarudi kila wiki: mgonjwa karuhusiwa na hospitali, kapewa mofini ya sindano (dawa ya maumivu makali), nyumbani yupo mama mtu na kijana wa kidato cha nne. Nani ampe, kiasi gani, na wakikosea itakuwaje? Majibu yametapakaa kwenye nyuzi kumi na kitu, mengine mazuri, mengine ya hatari tupu. Tuyakusanye hapa. Wauguzi na wafamasia mliomo humu, karibuni mrekebishe.

Mpaka wa uzi huu: tunamzungumzia mgonjwa aliyeandikiwa na daktari, ana karatasi yenye dozi iliyoandikwa, na ana namba ya muuguzi wa tiba shufaa (huduma ya kutuliza maumivu kwa wenye magonjwa mazito) wa kumpigia. Asiye na hivyo vitatu aanze kwa kuvitafuta, asianze na sindano.

La kwanza la kung'oa vichwani ni imani kwamba sindano inatuliza kuliko ya kunywa; dozi ikipangwa sawasawa, zinatuliza sawa. Ni mlango mwingine wa kuingilia dawa ile ile. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1986 linafundisha kwamba maumivu makali ya saratani yatibiwe kwa mdomo kwanza, na kwa kufuata saa. Sindano inakuja pale mdomo unapokataa: saratani ya umio imeziba njia, mgonjwa anatapika kila kitu, utumbo umeziba, au amelegea kiasi kwamba ukimpa maji yanaingia njia ya hewa. Kama bado anameza vizuri na mnang'ang'ania sindano kwa sababu "ndiyo dawa kamili", mnamchoma bure.

Nyumbani inapitia chini ya ngozi, si kwenye msuli wala kwenye mshipa. Mgonjwa aliyekonda hana msuli wa kuchoma. Inauma, na dawa inaingia mwilini bila mpangilio. Mshipa ni kazi ya hospitali.

---

Zabibu_Mkonze

Mkuu, kuna kitu kinatuchanganya. Ya kunywa alikuwa anapewa mg 10, ya sindano wameandika mg 5. Si wanampunja?

---

Sirinji_ya_Moja

Hawampunji. Mofini ya kunywa ikitoka tumboni inapita kwenye ini kabla ya kuufikia mwili mzima, na ini linachukua chake. Ya chini ya ngozi inakwepa ushuru huo. Ndiyo maana kanuni ya kawaida ni kugawa kwa 2: jumla ya mg 60 za kunywa kwa siku inakuwa mg 30 za chini ya ngozi. Ukigawa mara sita, kila baada ya saa nne anapata mg 5. Wapo madaktari wanaogawa kwa 3 wakiwa na tahadhari, kwa mfano kwa mzee au mwenye figo dhaifu. Hesabu hiyo ni yao. Wewe kazi yako ni kujua kwamba namba mbili tofauti si kosa la mwandiko, na usije ukachukua dozi ya kunywa ukaiingiza kwenye sirinji. Hapo umempa maradufu.

Na dawa ya maji ya kunywa HAICHOMWI. Kamwe. Hata kama ampuli (vichupa vya kioo vya dawa ya sindano) zimekwisha na chupa ya maji imejaa.

Sasa kosa linalojirudia zaidi ni hili. Kwenye ampuli zipo namba mbili: ujazo na nguvu. Zipo ampuli za ml 1 zenye mg 10, na zipo za ml 1 zenye mg 15. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Mgonjwa wa mg 5:

Ampuli ya mg 10 kwa ml 1: unavuta 0.5 ml.
Ampuli ya mg 15 kwa ml 1: unavuta 0.33 ml.

Wiki iliyopita mlipewa za 10, wiki hii zimekuja za 15, mkono umezoea 0.5. Mnampa mg 7.5 kila mara, nusu dozi ya ziada, na hakuna anayejua kwa nini baba analala sana. Kwa hiyo kila mkipokea boksi jipya, soma ampuli yenyewe, siyo boksi tu, kisha mpigie muuguzi: "Hizi ni za ngapi kwa ml moja, tuvute kiasi gani?" Aandike upya. Karatasi ya zamani ichaneni.

Tumieni sirinji ya ml 1 yenye vistari vya 0.01. Msitumie ile ya insulini. Ya insulini imeandikwa yuniti, 100 ndiyo ml 1, kwa hiyo 0.5 ml ni yuniti 50. Mtu akiona "mg 5" akavuta hadi kwenye 5, amempa sehemu moja ya kumi ya dozi na mgonjwa atalia usiku kucha. Na ukiichukua sirinji ya ml 5 kupima 0.33, unabahatisha.

---

Bi_Hombolo

Naongeza kwenye saa, maana sisi Waswahili tuna mtego wetu wenyewe.

"Kila saa 4" na "saa 4" si kitu kimoja. Karatasi ikisema "mg 5 saa 4", mmoja atampa kila baada ya saa nne, mwingine atampa saa nne asubuhi na saa nne usiku basi. Halafu kuna karatasi za hospitali zinazoandikwa kwa saa za kizungu: 10:00 ni saa nne asubuhi, lakini bibi akiisoma ni saa kumi jioni. Dozi imechelewa saa sita na maumivu yameshapanda mlimani. Kuyashusha yakishapanda ni kazi kuliko kuyazuia.

Ombeni muuguzi aandike kwa saa zenu, kwa maneno: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku, saa nane usiku. Mara sita. Bandikeni ukutani. Kila anayempa aweke alama, saa kamili na jina lake hapo hapo, asisubiri amalize kunawa. Dozi mbili ndani ya nusu saa mara nyingi hazitokani na uzembe. Zinatokana na wapendwa wawili, kila mmoja anadhani mwenzake amesahau.

Kwa dozi ya mdomo, wengine huandikiwa ya saa nne usiku iwe mara mbili ili ya saa nane usiku irukwe watu walale. Kwa sindano msiige hilo kwa kichwa chenu, labda liwe limeandikwa.

---

Nzuguni_Kwetu

Je, akipata maumivu katikati, saa mbili baada ya dozi?

---

Bi_Hombolo

Hiyo inaitwa dozi ya dharura na lazima iwe imeandikwa tangu mwanzo pamoja na umbali wa chini kati ya moja na nyingine. Kwa kawaida ni sawa na dozi moja ya saa nne, yaani sehemu ya sita ya jumla ya siku. Ukishampa, ratiba ya kawaida haisogei: ya saa nane mchana inabaki saa nane mchana. Zikifika tatu kwa siku piga simu, ratiba yenyewe imepungua nguvu na daktari ataipandisha. Msipandishe wenyewe. Na kama maumivu yanakuja tu anapogeuzwa au kuogeshwa, semeni hivyo. Hapo dawa hupangwa kabla ya kuogeshwa, haipandishwi ya siku nzima.

---

MuuguziWaZamu

Nimesoma yote, mko sawa. Nije kwenye sindano yenyewe.

Muuguzi ndiye anayeweka sindano ndogo ya kipepeo chini ya ngozi, namba 23 au 25, anaifunika kwa plasta inayoonyesha ndani. Ndugu hawamchomi mgonjwa kila mara. Wanaingiza dawa kupitia mrija uliobaki nje. Mahali: tumbo mbali na kitovu, sehemu ya nje ya mkono wa juu, paja, au kifuani chini ya mtulinga. Si kwenye mguu uliovimba, wala palipopigwa mionzi, wala karibu na kidonda. Maji yakishajaa chini ya ngozi, dawa inakaa pale pale haifiki damuni. Mgonjwa anayehangaika na kuvuta vitu usiku, mwekeeni mgongoni juu, mkono wake usifike.

Kuingiza: nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Gonga kichwa cha ampuli ili dawa yote ishuke. Funga shingo kwa pamba au gozi, vunja ukielekeza nje, siyo kwako. Vuta kwa sindano, toa hewa, soma mstari usawa wa jicho. Mtu wa pili asome kwa sauti: jina la dawa, mg, ml, saa. Mtu wa pili anaweza kuwa mtoto wa darasa la sita, mradi anajua kusoma desimali. Safisha mdomo wa mrija kwa spiriti, uache ukauke, kisha sukuma polepole, kama nusu dakika hadi dakika. Ukisukuma kwa pupa inawaka na kuacha uvimbe. Kikidondoka chochote njiani hakiokotwi.

Sasa mrija. Hapa ndipo nyumba nyingi hupotea. Mrija wa kipepeo una nafasi yake ya ndani, karibu ml 0.3, kutegemea aina. Dozi yenu ni 0.5. Mrija ukiwa mtupu, zaidi ya nusu ya dozi ya kwanza inabaki ndani ya plastiki na mgonjwa anapata kijisehemu. Kuna njia mbili za kulimaliza:

Ya kwanza, mrija unajazwa maji ya chumvi ya hospitali tangu mwanzo, na kila baada ya dawa unasukuma maji hayo 0.3 hadi 0.5 ili dawa yote iingie.
Ya pili, mrija unajazwa mofini tangu mwanzo. Kila dozi mpya inasukuma iliyolala ndani. Hakuna maji baada yake.

Zote zinafaa. Kinachoua mpango ni kuchanganya. Mama anatumia ya pili, kijana wa zamu ya usiku anatumia ya kwanza: anaingiza dozi, kisha anasukuma maji, na ile iliyokuwa imelala kwenye mrija inaingia pia. Mgonjwa amepata dozi na nusu na zaidi. Asubuhi mama anaingiza yake, inasukuma maji kwanza, na zaidi ya nusu ya dawa inabaki kwenye mrija. Mgonjwa analia. Kila mmoja anamlaumu mwenzake na wote wamefuata walichofundishwa. Andikeni kwenye plasta yenyewe kwa kalamu: "MAJI BAADA YA DAWA" au "HAKUNA MAJI". Na tarehe sindano ilipowekwa.

Kila siku angalieni pale: pamekuwa pekundu (kwa ngozi nyeusi, pameiva na kung'aa kuliko pembeni), pa moto, pagumu, panavuja, damu kwenye mrija? Muuguzi aje abadilishe mahali. Pakiwa safi inakaa siku kadhaa, wengi hubadilisha kati ya siku 3 na 7. Vumbi letu la Dodoma la Agosti linaingia hata chini ya plasta ikianza kubanduka, msingoje ibanduke yote. Na msipakande kwa maji ya moto: joto linaharakisha dawa iliyolala pale kuingia kwa mkupuo.

---

Fundi_Ipagala

Ampuli ikivunjwa ikabaki nusu, inawekwa kwenye friji hadi dozi inayofuata?

---

Sirinji_ya_Moja

Hapana. Chukulieni kwamba ampuli haina dawa ya kuzuia vijidudu. Ikishafunguliwa, kilichobaki kinamwagwa kwenye pamba ndani ya kopo la sindano na kinaandikwa: "0.5 imemwagwa", saini mbili. Najua inauma kumwaga dawa iliyotafutwa kwa shida. Muuguzi akipenda anaweza kuvuta sirinji za siku nzima kutoka ampuli mpya, akazifunika na kuzibandika jina, mg na saa, zikatumika ndani ya saa 24. Hilo linapunguza umwagaji na pia makosa ya usiku.

Joto: isizidi kile kilichoandikwa kwenye boksi, mara nyingi nyuzi 25 au 30. Novemba hapa mjini chumba cha bati bila dari kinavuka 30 mchana, hilo halina ubishi. Nyumba ya tembe ni baridi kuliko ya bati, tumieni chumba cha ndani. Kopo lenye mfuniko likiegeshwa kwenye mtungi wa maji nalo linasaidia, mradi ampuli ziwe kavu. Isigande, na isikae juani. Boksi lake la karatasi lina kazi ya kuzuia mwanga, msilitupe. Na liwe ndani ya kitu chenye kufuli.

---

Kibaigwa_Mahindi

Kuna jirani alishauri tuongeze sindano ya diklofenaki ya duka la dawa maumivu yakizidi. Anasema ni ya kawaida, hata mtu wa mgongo anachomwa.

---

Mfamasia_Kivuli

Simameni hapo hapo. Hili nitalieleza kwa urefu.

Diklofenaki na mofini ni dawa mbili zisizofanana, na kuna wagonjwa wa maumivu ya mifupa ambao daktari huwapa zote. Lakini ya sindano ina kikomo: mg 150 kwa siku, na si zaidi ya siku 2. Kuna watu wanachomwa wiki nzima kwa sababu dukani hakuna anayehesabu. Mgonjwa hali vizuri, hanywi maji ya kutosha, joto la Dodoma limemkausha. Diklofenaki inabana damu inayoingia kwenye figo. Figo zinapungua kasi. Sasa angalia kinachofuata: mofini ikivunjwa na ini inatoa mabaki, na moja ya mabaki hayo lina nguvu ya mofini yenyewe. Yanatolewa na figo. Figo zikilala, mabaki yanarundikana. Hujaongeza hata tone la mofini, dozi ni ile ile ya wiki mbili zilizopita, lakini mgonjwa anasinzia katikati ya sentensi, anashtuka-shtuka mikono na miguu, anaona watu wasiokuwepo. Ndugu wanasema "mofini imemzidi" au "amerogwa". Chanzo ni ile sindano ya dukani.

Kwa hiyo hesabuni mkojo. Kama amekojoa kidogo sana tangu jana, au ni wa rangi ya chai, pigeni simu KABLA ya dozi inayofuata. Daktari anaweza kupunguza dozi au kuisogeza iwe kila saa 6 au 8.

Vile vile dawa za usingizi (diazepamu), promethazini ya mafua, na pombe, hata ya mtama: zote zinavuta pumzi chini pamoja na mofini. Pethidini haifai maumivu ya kudumu. Mabaki yake yanaleta degedege. Tramadoli juu ya mofini haina maana, na peke yake haivuki mg 400 kwa siku.

---

Nzuguni_Kwetu

Tutajuaje imezidi kweli, maana mgonjwa mahututi analala tu?

---

MuuguziWaZamu

Kusinzia siku 2 au 3 za mwanzo, au baada ya dozi kupandishwa, ni kawaida, hasa kama alikuwa hajalala kwa wiki kwa maumivu. Anaitika ukimwita, anarudi kulala. Hiyo si sumu.

Sumu ni hii: humwamshi hata ukimwita kwa nguvu na kumsugua mfupa wa kifua kwa ngumi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, pumzi ni chini ya 8 kwa dakika. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu, ukitazama kifua. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha, pumzi za aina hii zinakuja kwa makundi. Anakoroma kwa mlio wa maji. Midomo kwa ndani na fizi zimekuwa za kijivu. Mboni ndogo peke yake si sumu, wengi wanaotumia mofini wanazo.

Dozi inayofuata isitishwe. Mlaze ubavu, mwite aendelee kupumua, piga simu na mpeleke. Msimnyweshe maziwa, wala kahawa, wala maji ya ndimu, yataingia mapafuni. Nendeni na ampuli tupu na daftari la dozi.

Kwa wenzangu wa vituo vya afya: naloksoni (dawa ya kuzima nguvu ya mofini) kwa mgonjwa anayetumia mofini kila siku si ampuli nzima kwa mpigo. Changanyeni 0.4 mg na maji ya chumvi hadi ml 10, mpeni ml 1 kila dakika 2 hadi pumzi zirudi. Lengo ni pumzi, siyo kumwamsha kabisa. Ukimpa yote anaamka na maumivu yake yote kwa mara moja, na hiyo ni adhabu. Na msimruhusu upesi: naloksoni inaisha kabla ya mofini, anaweza kuzama tena.

---

Zabibu_Mkonze

Tumbo halijafunguka siku ya nne. Tunampa mlenda na papai.

---

Bi_Hombolo

Mlenda mtamu, ila hautoshi. Mofini inasimamisha mwendo wa utumbo na hili halizoeleki kama kichefuchefu kinavyozoeleka. Dawa ya kusukuma, bisakodili au sena, inaanza siku ile ile mofini inapoanza. Mkimjazia makapi bila maji na utumbo umelala, mnatengeneza tofali. Siku nne, tumbo likiwa limejaa, anatapika au hapitishi hata hewa: mwiteni muuguzi leo, msimpe cha kusukuma kabla hajaangaliwa, huenda utumbo umeziba. Kichefuchefu cha siku za mwanzo kina dawa pia, waambieni waiandike.

---

Swaswa_Online

Baba mdogo anasema atakuwa teja.

---

Mfamasia_Kivuli

Mwili kuizoea na kuwa teja ni mambo mawili. Akizoea, maana yake ni kwamba ikikatwa ghafla atatoka jasho, makamasi, atahara na maumivu yatarudi kwa hasira. Ndiyo maana inapunguzwa hatua kwa hatua na daktari. Teja anaifuata dawa hata pasipo maumivu. Anayeipata kwa dozi na saa yake kwa saratani hayuko huko. Hofu ya baba mdogo ielekezwe kwenye kufuli la boksi, maana kijana wa mtaani akizipata hizo ampuli, hapo kweli kuna teja.

Kisheria, mofini iko chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Mkisafiri nayo ibebeni kwenye boksi lake pamoja na barua ya hospitali na karatasi ya dawa, siyo huru kwenye mkoba. Walio Bahi, Mvumi, Mpwapwa: Januari korongo likishuka barabara inafungwa. Ombeni nyingine zikiwa zimebaki za siku tano, siyo moja.

---

Fundi_Ipagala

Na sindano zilizotumika? Choo cha shimo?

---

MuuguziWaZamu

Hapana, na msichome uani. Ampuli zinapasuka kama mahindi. Mkikosa lile boksi la njano la kutupia sindano, tumieni dumu gumu la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha. Sindano inaingia bila kurudishiwa kifuniko chake, maana hapo ndipo watu hujichoma. Likifika robo tatu lifungeni, lipelekeni kituo cha afya chenye tanuri.

---

Kibaigwa_Mahindi

Swali la mwisho, samahani kwa wenye wagonjwa. Akishafariki, zilizobaki tumpe jirani mwenye saratani kama yake?

---

Sirinji_ya_Moja

Hapana, mkuu, hata kama ugonjwa ni ule ule. Dozi ya kawaida kwa aliyezoea inaweza kumsimamishia pumzi ambaye hajawahi. Huyo jirani mwambieni aende kitengo cha tiba shufaa aandikiwe ya kwake. Zilizobaki zihesabiwe na watu wawili siku ile ile kabla msiba haujajaa watu, ziandikwe kwenye daftari, zifungwe kwenye boksi lake pamoja na ampuli tupu, na mtu mmoja anayejulikana azirudishe famasi ya hospitali iliyozitoa. Aombe asainiwe idadi.